Kuuza nyumba Bariadi: Karatasi ya mtaa pekee haitoshi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, biashara nyingine nazo huchangamka mjini Bariadi. Fedha zinapofika mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara, baadhi huishia kwenye ng'ombe, baadhi kwenye ada za shule, na sehemu isiyo ndogo huenda kwenye viwanja na nyumba.

Mauzo ya nyumba mara nyingi hukamilika kwa siku moja. Muuzaji na mnunuzi hukutana kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi ya mauziano huandikwa, mashahidi wa kila upande hutia saini, muhuri hugongwa, fedha huhesabiwa na funguo hukabidhiwa. Mnunuzi hurudi kwake akiamini kuwa amekuwa mmiliki.

Kisheria, ikiwa nyumba hiyo imo katika kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa, bado hajawa. Alichonacho ni mkataba unaompa haki ya kumdai aliyemuuzia. Jina lililoandikwa katika daftari la Msajili wa Hati ni lile lile la zamani, na litaendelea kuwa hivyo hadi hati ya uhamisho itakapopata kibali, kulipiwa kodi na kusajiliwa.

Kwa miaka kadhaa tofauti hiyo huweza isionekane. Mnunuzi huishi ndani ya nyumba, hupangisha vyumba, huongeza uzio. Siku anapokwenda benki kuomba mkopo, au barabara inapopanuliwa na wathamini wakaja na orodha ya wamiliki wa kulipwa fidia, au muuzaji anapofariki na watoto wake wakakuta hati sandukuni yenye jina la baba yao, ndipo karatasi ya mtaa hupimwa uzito wake.

Karatasi hiyo si takataka. Ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana na kwamba fedha zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Lakini ushahidi wa kuuziana ni jambo moja na uhamisho wa miliki ni jambo jingine, na muhuri wa mtaa hauwezi kufanya kazi ya Msajili.

Suala hili lina uzito wa pekee Bariadi kutokana na jinsi mji wenyewe ulivyokua. Hadi mwaka 2012 Bariadi ilikuwa makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo Simiyu ikawa mkoa unaojitegemea, ukiundwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na Bariadi ikawa makao makuu yake.

Ofisi za mkoa zikaja, watumishi wakahamia, wapangaji wakaongezeka, barabara za lami za kwenda Lamadi na Maswa zikarahisisha safari. Mashamba yaliyokuwa yakilimwa pamba na mahindi pembezoni mwa mji yakageuka viwanja. Viwanja vingine vilipimwa na halmashauri na wenyewe wakapewa barua ya toleo, ambayo wananchi huiita ofa. Vingine vilikatwa kwa hatua za miguu na mwenye shamba mwenyewe, vikauzwa mara mbili au tatu kabla mpima hajafika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayetaka kuuza au kununua nyumba mkoani hapa, kabla ya bei, ni hili: ardhi hii ni ya aina gani?

Bunge lilitunga sheria mbili mwaka 1999. Sheria ya Ardhi, Namba 4, inahusu ardhi ya kawaida, ikiwemo ya mijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inahusu ardhi iliyo chini ya vijiji, ambako anayesimamia ni halmashauri ya kijiji na hati inayotolewa ni ya hakimiliki ya kimila. Mtu anayetoka mjini kuelekea Dutwa au Nkololo anaweza kuvuka kutoka sheria moja kwenda nyingine bila kuona kibao chochote kinachomweleza hivyo.

Nyumba iliyo katika ardhi ya kijiji haiuzwi kwa muhuri wa mwenyekiti peke yake. Inatakiwa idhini ya halmashauri ya kijiji ikiwa chombo, yaani kikao kilichoitishwa, kikajadili na kuandika muhtasari. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu, hata kama mnunuzi alilipa fedha yote na shahidi alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Mnunuzi makini huomba nakala ya muhtasari wa kikao na kuihifadhi pamoja na mkataba.

Yapo pia maeneo ambayo jana yalikuwa kijiji na leo ni mtaa. Hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa kuwa muuzaji huenda bado ana karatasi ya kijiji ilhali mipango miji imekwisha kupita juu ya eneo hilo. Jibu halipatikani kwa dalali. Linapatikana kwa ofisa ardhi wa halmashauri, mwenye ramani.

Kwa nyumba ya mjini iliyo na ofa au hati, hatua ya kwanza ya mnunuzi ni kufanya upekuzi katika daftari la Msajili. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki, iwe miaka 33, 66 au 99, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Kabla ya mwaka 2020 huduma nyingi za namna hii zilimlazimu mwananchi kusafiri hadi ofisi ya kanda. Tangu serikali ilipofungua ofisi za ardhi katika kila mkoa, safari hiyo imefupishwa.

Muuzaji mwenye nia njema naye ana sababu ya kutangulia. Mara nyingi mauzo hukwama kwa sababu ya kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa kila mwaka kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mtu aliyekaa miaka saba bila kulipa atakuta deni limejikusanya, na uhamisho hautapokelewa hadi deni liishe. Ni afadhali aligundue mapema kuliko kuligundua mbele ya mnunuzi ambaye tayari amebeba fedha.

Ridhaa ya mwenza

Kati ya karatasi zote, inayosahaulika mara nyingi, na inayovunja mauzo mengi, ni ridhaa ya mke au mume.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Nyumba ambayo familia inaishi ni nyumba ya ndoa hata kama ilijengwa kwa mshahara wa mmoja wao, na mwenza ana haki ya kuweka zuio kwa Msajili ili isiuzwe nyuma ya mgongo wake.

Usukumani, ambako ndoa za wake wengi si jambo geni, suala hili linahitaji umakini zaidi. Mwanamume anaweza kuwa na mke mmoja mjini na mwingine kijijini, kila mmoja na nyumba yake. Anapouza nyumba anayoishi mke wa pili, saini ya mke wa kwanza pekee haimwondolei mnunuzi hatari. Anayetakiwa kuridhia kabla ya mwingine yeyote ni yule ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake ya ndoa.

Mnunuzi huuliza kwa haya, au haulizi kabisa, kwa kuwa katika mila kuuliza habari za ndani ya nyumba ya mzee huonekana utovu wa adabu. Adabu hiyo imewagharimu watu. Njia inayotumika ni muuzaji kuleta ridhaa iliyotiwa saini na mwenza mbele ya wakili, ikiambatana na picha na nakala ya kitambulisho; na kama hana mwenza, ale kiapo kinachosema hivyo. Wakili ndiye anayeuliza, na mzee hana sababu ya kumkasirikia mnunuzi.

Hali ni kama hiyo kwa nyumba ya urithi. Mtoto mkubwa si mwenye nyumba kwa sababu tu ni mkubwa, wala kikao cha ukoo hakimfanyi kuwa hivyo. Kikao cha ukoo humpendekeza. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kutia saini hati ya kuuza nyumba ya marehemu, hata wote wakikubaliana. Na baada ya kuteuliwa, msimamizi hutakiwa kusajiliwa kwanza kwenye hati kwa nafasi hiyo, ndipo amhamishie mnunuzi.

Kodi na kishawishi cha kupunguza bei

Muuzaji na mnunuzi wanapokubaliana, hujazwa fomu za taarifa na maombi ya kibali cha uhamisho pamoja na hati ya uhamisho yenyewe, zikishuhudiwa na wakili. Huambatanishwa ofa au hati halisi, risiti za pango la ardhi, vitambulisho, picha na namba za utambulisho wa mlipakodi. Hutakiwa pia taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa kuwa kodi hazitozwi kwa bei waliyoisema wahusika endapo thamani halisi ni kubwa zaidi.

Kodi kubwa kwa muuzaji ni ile ya ongezeko la mtaji, inayolipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa mkazi, kiwango ni asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama alizoingia kununua na kujenga. Nyumba ya kuishi aliyoimiliki na kuishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi Sh milioni 15.

Tuseme mtu alijenga nyumba ya kupangisha eneo la Somanda kwa gharama ya jumla ya Sh milioni 37, na sasa anaiuza kwa Sh milioni 45. Faida ni Sh milioni 8, na kodi ni Sh 800,000. Lakini gharama hizo ni lazima azithibitishe. Kwa marekebisho ya miaka ya karibuni, asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Kwa nyumba hiyo hiyo ni Sh 1,350,000. Tofauti ya Sh 550,000 inatokana na risiti za saruji, nondo na bati ambazo mwenye nyumba aliziacha zikaliwa na mchwa.

Mnunuzi kwa upande wake hulipa ushuru wa stempu, ambao ni takriban asilimia 1 ya thamani. Katika mfano huo ni karibu Sh 450,000. Hati hutakiwa kulipiwa ndani ya siku 30 tangu iliposainiwa, la sivyo kuna adhabu. Hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi hadi ushuru na adhabu vilipwe, na mwenye nayo hulitambua hilo siku ambayo anaihitaji kuliko siku nyingine zote.

Hapa ndipo kishawishi huingia. Pande mbili hukubaliana kuandika Sh milioni 20 kwenye mkataba huku zikilipana Sh milioni 45. Muuzaji hufurahi. Mnunuzi hufikiri amemsaidia mwenzake bila hasara, kumbe amejipunja mwenyewe mara mbili. Mauzo yakivunjika, karatasi yake inamruhusu kudai Sh milioni 20 tu. Na siku atakapouza yeye, gharama yake ya kununulia itahesabiwa kuwa Sh milioni 20, hivyo faida ya mtu mwingine itatozwa kodi mfukoni mwake.

Upo pia mzigo usio wa serikali. Katika baadhi ya mitaa imezoeleka kuombwa sehemu ya bei, mara nyingi asilimia 10, kwa ajili ya kugongewa muhuri. Hakuna kifungu cha sheria za ardhi kinachompa mwenyekiti sehemu ya bei ya nyumba ya mtu. Mwananchi anayeombwa fedha hizo ana haki ya kudai stakabadhi ya halmashauri, na mara nyingi ombi huishia hapo.

Mita na nyaya

Nchini Uingereza, mtu anayeuza nyumba huulizwa na mwanasheria wa mnunuzi karatasi za boila ya gesi inayopasha nyumba joto: ilifungwa lini, fundi alikuwa amesajiliwa katika daftari la mafundi wa gesi, cheti chake kiko wapi. Karatasi ikikosekana, mauzo huchelewa au bei hushuka. Bariadi hakuna boila, na mtungi wa gesi huondoka na mwenye nyumba. Lakini swali lile lile linafaa kuulizwa juu ya umeme, ingawa ni nadra mtu kuuliza.

Kazi ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambazo hutolewa kwa madaraja. Nyumba inapounganishwa kwa mara ya kwanza, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) hutaka taarifa ya fundi huyo. Tatizo huja baadaye: mwenye nyumba anaongeza vyumba vitatu vya kupangisha uani, anamwita kijana wa mtaani, nyaya nyembamba zinavutwa kutoka kwenye soketi ya sebuleni. Rangi mpya huficha yote. Mnunuzi anayemlipa fundi mwenye leseni akague kabla ya kulipa bei anatumia fedha kidogo kuepuka hasara ya moto.

Mita nayo ina historia yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh 1,500. Nyumba iliyokaa miezi kumi bila mtu, kisha mnunuzi akaingia na kununua umeme kwa mara ya kwanza, itamkata malimbikizo ya miezi yote. Si fedha nyingi, lakini ni deni la mwingine. Zaidi ya hapo, mita yenye jina la mmiliki wa zamani huleta usumbufu kila inapoharibika na kuhitaji kubadilishwa.

Busara ni kununua umeme wa kiasi kidogo siku ya ukaguzi, nyote wawili mkiwapo, na kusoma makato yaliyoandikwa kwenye stakabadhi. Ankara ya mwisho ya maji nayo iombwe kwa mamlaka ya maji, kisha majina yabadilishwe kote.

Kuhusu namna ya kulipa bei, yapo makosa mawili yanayorudiwa. La kwanza ni kulipa yote taslimu sebuleni. Malipo ya benki huacha alama ambayo shahidi aliyehama mji hawezi kuiacha. La pili ni kulipa yote kabla ya kibali. Mkataba unaweza kuandikwa kwamba sehemu ya bei itabaki hadi uhamisho usajiliwe, jambo linalompa muuzaji sababu ya kuendelea kupokea simu.

Muuzaji akikataa sharti hilo, isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni tapeli. Wengi huuza kwa shida: mgonjwa yupo Bugando, mtoto amepata nafasi ya chuo, deni linaiva. Kwa mtu wa namna hiyo, njia pekee ya kupata fedha haraka bila kuuza kwa hasara ni kuwa na karatasi zake tayari kabla ya shida kufika. Nyumba yenye hati safi, pango lililolipwa na ridhaa ya mwenza huuzwa kwa bei yake. Nyumba yenye karatasi ya mtaa pekee huuzwa kwa bei ya aliye tayari kubahatisha.

Na kwa wale waliokwisha kununua kwa njia hiyo, ambao mjini hapa si wachache, hatua ni kumtafuta aliyewauzia angali hai na angali anakumbuka. Saini yake inahitajika kwenye fomu za uhamisho, pamoja na hati au ofa halisi na ridhaa ya mwenza wake. Kama alikuwa mnunuzi wa pili wa ofa ambayo bado ina jina la wa kwanza, basi huyo wa kwanza ndiye wa kutafutwa. Kama amefariki, warithi wake watahitaji msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na gharama ya kufungua shauri hilo mara nyingi humwangukia mnunuzi, kwa kuwa ndiye pekee mwenye haraka.

Kiwanja ambacho hakijapimwa kabisa kina njia yake: urasimishaji kupitia halmashauri, ambapo majirani husaini mipaka na mpima hupita nyumba hadi nyumba. Siku hiyo ya kupita, ofisa huandika jina la anayeonyesha mpaka. Mwenye nyumba anayeishi Mwanza au Dar es Salaam ahakikishe kwamba anayesimama pale siku hiyo, mpangaji au ndugu, anataja jina lililo sahihi.